Nimepata kazi ya utafiti Uingereza: je, viza ya Global Talent ni ya watu kama mimi?

*"Habari za kazi. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma hapa Dar es Salaam. Nina shahada ya uzamivu na utafiti wangu ni juu ya bakteria waliojenga usugu dhidi ya antibiotiki. Nimepata ofa ya kazi ya mtafiti kwa miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, chini ya profesa ambaye mradi wake unafadhiliwa na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya. Idara yao ya utumishi inaniuliza nitaomba viza ipi, Skilled Worker (ya mfanyakazi anayedhaminiwa na mwajiri) au Global Talent (ya wenye vipaji na utaalamu wa hali ya juu). Wenzangu kazini wanasema Global Talent ni ya washindi wa Nobeli, nisijisumbue. Kuna mtu hapa mjini, Posta, anasema nikimpa shilingi milioni sita atanipatia uidhinisho (uthibitisho kwamba nastahili viza hiyo) pamoja na barua tatu za maprofesa. Benki sina fedha nyingi. Nina mume na watoto wawili, wa miaka tisa na minne, na huyo mkubwa nilimzaa kabla ya ndoa hii. Tena sitaki kuipoteza ajira yangu ya hapa nyumbani. Nianzie wapi?"*

Dada yangu, hongera kwanza. Kazi hiyo umeishindania na watu wa nchi nyingi, na umeipata. Kwa maelezo uliyonipa, kuna uwezekano mkubwa kwamba Global Talent inakuhusu, na tena kwa njia ambayo haihitaji barua hata moja ya profesa. Kwa hiyo kabla hatujaenda mbali: usimpe mtu wa Posta hata senti. Nitaeleza kwa nini.

Hilo la Nobeli lina chanzo chake. Viza hii ilianza tarehe 20 Februari 2020 na ilichukua nafasi ya nyingine iliyokuwa na jina la kutisha zaidi, Tier 1 Exceptional Talent, ambayo ilikuwa na ukomo wa idadi ya watu kwa mwaka. Global Talent haina ukomo huo. Lakini ukisoma maelezo yake, moja ya mambo ya mwanzo unayokutana nayo ni orodha ya tuzo kubwa za dunia, Nobeli ikiwemo, na mwenye tuzo hiyo haulizwi mengi. Watu wengi huishia hapo, hufunga ukurasa na kwenda kuwaambia wenzao kwamba hii si yetu. Hiyo ni njia moja tu. Kwa watafiti ziko nyingine nne, na kila moja inauliza swali lake. Anayejibu swali la njia isiyo yake hukataliwa hata akiwa mtafiti hodari, na hapo ndipo ninapoona watu wa kwetu wakiumia.

Njia ya kwanza kati ya hizo nne ni ya mtu aliyepewa cheo cha uongozi wa kitaaluma au wa utafiti katika chuo au taasisi ya Uingereza iliyo kwenye orodha: profesa, profesa mshiriki, kiongozi wa kikundi cha utafiti, au mtu atakayeongoza utafiti wake mwenyewe. Kinachotazamwa hapa ni kazi unayokwenda kuifanya kule, siyo uhadhiri wako wa hapa. Wewe utakuwa chini ya profesa mwenye mradi, hivyo sidhani kama njia hii itakufaa, hata kama hapa Dar unasimamia wanafunzi wa uzamili. Ya pili ni ya aliyeshinda ufadhili wa mtafiti binafsi ulio kwenye orodha yao, anaoushikilia sasa au alioupata ndani ya miaka mitano iliyopita. Pitia CV yako, maana wengine hushinda ufadhili wa aina hiyo na kusahau kwamba una thamani hii.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi, na ndiyo anayokuuzia mtu wa Posta bila kujua anachouza. Ni njia ya kupimwa na wanataaluma wenzako. Hapa huhitaji ofa ya kazi, lakini unapimwa wewe mwenyewe: unachunguzwa na Royal Society kwa sayansi asilia na tiba, Royal Academy of Engineering kwa uhandisi, au British Academy kwa sayansi za jamii na fani za utu. Unatakiwa kuwa na pendekezo la mtu mwenye heshima katika fani yako, anayeishi Uingereza na anayeijua kazi yako kwa undani. Juu ya hapo lazima uonyeshe jambo zito zaidi, kama tuzo, ufadhili wa kushindaniwa, au pendekezo la taasisi ya Uingereza inayohusika na fani hiyo. Barua ya profesa asiyekujua haisaidii kitu. Wanaosoma ni wanasayansi. Wakikuta sifa za jumla, za kumpamba mtu yeyote, wanajua mwandishi hajawahi kuisoma makala yako hata moja. Na barua ikigundulika ni ya kughushi, unaweza kufungiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10. Milioni sita ni hasara ndogo ukilinganisha na hiyo.

Ya nne ndiyo yako. Inaitwa njia ya mfadhili aliyeidhinishwa na inasimamiwa na UKRI, chombo cha serikali ya Uingereza kinachogawa fedha za utafiti. Mantiki yake ni hii: mfadhili mkubwa kama Wellcome, kabla ya kutoa fedha, ameshaliweka andiko la mradi mbele ya wataalamu, wakalichambua na kulishindanisha na mengine. Kazi ya kupima ubora imeshafanyika. Serikali haioni sababu ya kukupima upya wewe mmoja mmoja. Inataka kujua tu kama kweli wewe ni sehemu ya mradi uliokwisha kupimwa. Ndiyo maana njia hii haiulizi umechapisha makala ngapi, na hata shahada ya uzamivu si sharti.

Inauliza nini basi? Kwanza, mfadhili awe kwenye orodha ya UKRI, na Wellcome yumo. Pili, ruzuku iwe ya angalau pauni 30,000 na ya muda usiopungua miaka miwili. Tatu, jina lako au cheo cha kazi yako kiwe kimetajwa katika andiko lililoshinda ruzuku hiyo. Nne, angalau nusu ya muda wako wa kazi iende kwenye mradi huo. Tano, chuo kinachokuajiri kiwe kwenye orodha ya taasisi zinazokubalika. Hapo wewe huna cha kuandika kwa ufundi. Karatasi karibu zote zinatoka kwao: barua ya mfadhili inayoonyesha namba, kiasi na tarehe za ruzuku, mkataba wako wa kazi, na tamko la mkuu wa utumishi wa chuo linalothibitisha mambo hayo.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni barua pepe moja kwa idara yao ya utumishi. Waulize: je, nafasi yangu inakidhi masharti ya njia ya mfadhili aliyeidhinishwa? Je, cheo kilichotajwa kwenye andiko la ruzuku ni hiki hiki kilichoandikwa kwenye ofa yangu? Nani atasaini tamko, na lini? Swali la cheo lisisitize. Mara nyingine mradi uliandikwa una nafasi ya "mtafiti", halafu tangazo la kazi likatoka na jina jingine, na tofauti hiyo ndogo ikazua maswali ambayo mstari mmoja kwenye tamko ungeyamaliza. Mkumbushe na profesa wako mpya, maana idara za utumishi hushughulika na watu wengi na yeye ndiye anayekuhitaji maabara.

Jingine dogo, lakini kwa sisi Watanzania ni la kila siku: majina. Pasipoti ina majina matatu, makala umechapisha kwa mawili, cheti cha uzamivu kina jina la baba na mkataba una jina la mume. Mpe mwajiri jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kabla hajachapa chochote. Panapobaki tofauti, andaa kiapo kwa wakili.

Ombi lenyewe lina hatua mbili, zote kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Ya kwanza ni kuomba uidhinisho. Ukishaupata, una miezi mitatu ya kuomba viza yenyewe. Unaruhusiwa kuomba vyote kwa pamoja, lakini kwako sishauri. Uidhinisho ukikataliwa, ada ya viza nayo imekwenda. Ukikataliwa uidhinisho, ndani ya siku 28 unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya bila malipo. Katika hatua ya pili utakwenda kituo cha maombi ya viza hapa Dar kutoa alama za vidole na picha, na mtapimwa kifua kikuu katika kliniki inayotambuliwa na serikali yao, maana Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazotakiwa kipimo hicho. Cheti chake ni cha miezi sita, kwa hiyo msipime mapema mno. Ukiwa mjamzito, waambie kabla ya eksirei.

Sasa fedha, na hapa hofu yako imekaa mahali pasipo pake. Global Talent haikutaki uonyeshe akiba benki, wala haikudai mtihani wa Kiingereza wakati wa kuingia. Skilled Worker inadai vyote viwili: akiba ya pauni 1,270 isipokuwa mwajiri akudhamini, na ushahidi wa Kiingereza, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanasamehewa hata kama umefundisha kwa Kiingereza maisha yako yote. Hofu yako ihamie kwenye ada ya afya, yaani ya kutumia huduma za afya za serikali kule, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba.

Kwa viwango vya mwaka 2025, uidhinisho ni pauni 561 na viza ni pauni 205, jumla 766. Kila mwanafamilia naye analipa 766. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Mkiomba wote wanne kwa miaka mitatu, jumla ni pauni 13,930. Mkiomba miaka mitano inafika 21,174. Ukitangulia peke yako kwa miaka mitatu, ni pauni 3,871. Ombi la viza likikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Ada za maombi hazirudi. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, hivyo vitazame upya wiki ya kulipa. Na tafadhali usione haya kumuuliza mwajiri kama anarudisha gharama hizi. Vyuo vingi vya kule hufanya hivyo, baadhi kwa mtafiti tu, wengine kwa familia nzima, na wako wanaokopesha bila riba. Uliza pia kama fedha inatolewa kabla au inarudishwa baada ya kufika, kwa sababu kurudishiwa hakukusaidii kama huna cha kutanguliza.

Miaka mingapi uombe? Unachagua mwenyewe, kuanzia mmoja hadi mitano. Mtafiti aliyeidhinishwa kwa njia hii anaweza kuomba ukaaji wa kudumu baada ya miaka mitatu, mradi awe amepata kipato kutokana na fani yake na afaulu masharti ya lugha na mtihani wa maisha ya Uingereza. Wengi hawasomi sentensi inayofuata: mwenza wako anahitaji miaka mitano, na watoto kwa kawaida hufuata wazazi wote wawili. Kwa hiyo hata wewe ukimaliza safari yako katika mwaka wa tatu, mumeo na watoto watahitaji kuongezewa muda. Kama lengo lenu ni kukaa miaka mitatu na kurudi, omba mitatu na usilipie zaidi. Na ukaaji wa kudumu si uraia. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini kibali cha kukaa, hata cha kudumu, hakigusi pasipoti yako ya Tanzania.

Tofauti kubwa na Skilled Worker iko kwenye siku mambo yakienda vibaya. Skilled Worker inakufunga kwa mwajiri aliyekudhamini. Mkataba ukikatika, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa Global Talent, ajira ikiisha viza inabaki. Unaweza kuhamia chuo kingine, kufanya ushauri wa kitaalamu, hata kujiajiri. Kwa mtafiti wa mkataba mwenye watoto shuleni, naona hilo lina uzito kuliko yote. Pia safari zako za utafiti kuja huku, kama mradi utakuleta kukusanya sampuli hospitalini, hazihesabiwi dhidi yako katika ukomo wa siku 180 kwa mwaka za kuwa nje ya Uingereza, unaotazamwa unapoomba ukaaji wa kudumu. Lakini kama idara yao ya utumishi itajibu kwamba nafasi yako haikidhi masharti, usiikatae kazi. Chukua Skilled Worker kama mshahara unafikia kiwango chao, nenda, na uhamie Global Talent utakapostahili. Sheria inaruhusu kubadilisha ukiwa kule.

Sasa mtoto wako wa miaka tisa. Hapa nakuomba usome polepole. Kanuni za Uingereza kwa kawaida hutaka wazazi wote wawili wa mtoto wawe wanakwenda au wako kule. Mumeo kumlea kwa upendo hakumfanyi kuwa mzazi kwa macho ya kanuni hiyo. Baba wa mtoto akibaki Tanzania, utatakiwa kuonyesha kwamba wewe peke yako ndiye uliyebeba jukumu la malezi, au kwamba zipo sababu nzito sana. Watu wengi wanadhani barua ya ridhaa ya baba inatosha. Inasaidia, lakini ridhaa ni jambo moja na jukumu la malezi ni jingine. Wanaotazama ombi watataka kuona nani anaamua shule, nani anasaini hospitali, nani analipa ada, na baba ameshiriki vipi miaka yote hii. Kama anamtembelea na kuchangia, sema kweli; usimfute baba aliye hai kwenye karatasi ili ombi lipendeze.

Kwa jambo hili moja, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Hapa Dar, wakili wa mambo ya familia anaweza kukusaidia kwa kiapo na, ikibidi, amri ya mahakama kuhusu malezi. Kwa upande wa viza, mtafute mshauri anayetambuliwa na Immigration Advice Authority, chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji Uingereza, ambacho hadi Januari 2025 kiliitwa OISC, au mwanasheria wa kule mwenye leseni. Majina yao yako kwenye orodha ya wazi, na wengi huzungumza na mteja kwa video. Uliza kwanza kama chuo kinacho mshauri wake. Baadhi humlipia mfanyakazi mpya kikao cha kwanza. Msaada wa aina hii unahitajika pia kama umewahi kunyimwa viza, kukaa nchi yoyote kupita muda, au kuhukumiwa mahakamani. Yasiyo hayo utayajaza mwenyewe. Umeandika tasnifu nzima, fomu hii haikushindi.

La mwisho ni ajira yako. Usiandike barua ya kuacha kazi. Wewe ni mtumishi wa umma, na njia ya kufuata ni kuomba likizo bila malipo kupitia mkuu wa idara yako, ukiambatisha ofa na maelezo ya jinsi mradi utakavyokinufaisha chuo: mafunzo, makala za pamoja, vifaa, wanafunzi watakaosimamiwa kwa pamoja. Kama chuo kilikusomesha uzamivu, tafuta mkataba uliosaini wakati ule. Huenda una miaka ya kutumikia ambayo haijaisha, na ni heri mkubaliane sasa kuliko kudaiwa ukiwa mbali. Waulize PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, michango yako itakuwaje kipindi ambacho mshahara wa hapa umesimama. Na vile vimelea vyako vilivyo kwenye jokofu la maabara, usifikirie kusafiri navyo kwenye begi. Sampuli zinatoka nchini kwa kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na makubaliano ya kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili. Mwambie profesa wako aanze upande wake mapema, kwa sababu mchakato huo unaweza kuchukua muda mrefu kuliko viza yako.

Barua ya likizo ipeleke wiki hii hii unayowaandikia Uingereza, usisubiri viza itoke. Inapita kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, hadi utawala, na kila meza ina foleni yake. Ofa yako ina tarehe ya kuanza. Kama unaona haitatosha, waombe sasa waisogeze mbele, wakati bado wana nafasi ya kupanga.